Muvi za Usiku wa Manane

Saa nane usiku, hosteli ya chuo: taa imezimwa, vijana wanne wamebanana kitandani mbele ya laptopu moja, flashi imejaa muvi, sufuria ya tambi sakafuni. Saa moja asubuhi wana kipindi. Siwalaumu, nami nilijifunza mengi kwenye kitanda kama hicho. Kinachoniuma ni tamthilia nzima ya Kikorea kumalizwa kwa siku mbili, huku Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, filamu ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, wengi hawajaiona. Ile ni Zanzibar yetu, miaka ya 1950, chini ya mkoloni. Mwanafunzi unayekwenda darasani macho mekundu, leo lala mapema. Jumamosi, wewe na wenzako itafuteni filamu hiyo, muitazame pamoja.