Kulalamika Si Kukosa Shukrani

Liko swali tulisikialo mara kwa mara katika sharika zetu, nalo ni hili: Mtu aliyepata dawa ya ugonjwa wake, je, yampasa kuilalamikia dawa hiyo? Wengi hujibu upesi kwamba haimpasi. Husema, Wangapi wamekufa bila kuipata? Basi na ashukuru, anyamaze. Sisi twadhani jibu hilo si la haki, tena lina hatari. Sababu zetu tutazitoa kwa kutazama hali ya wagonjwa wa saratani katika kisiwa cha Unguja.

Zamani neno saratani lilikuwa kama hukumu ya kufa. Siku hizi wako wengi waishio nayo mwaka hata mwaka, wakiwa katika matibabu. Katika Mji wa Unguja iko Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako wagonjwa hutibiwa kwa dawa. Lakini waliohitaji mionzi, kwa miaka mingi wamevuka bahari kwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1996 mahali pa hospitali ya kale waliyoijenga Wajerumani. Safari yenyewe si ndefu. Meli ya kasi hutoka bandari ya Malindi, ikafika kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini mionzi hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku tano katika juma, mara nyingi kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo mama wa Paje hana budi kuacha mwani wake na watoto wake, akakae ugenini.

Tena yafaa tujue jinsi dawa zifanyavyo kazi. Saratani ni chembe za mwili zinazozaana pasipo kiasi. Dawa nyingi za kuipinga hupiga chembe zinazozaana upesi, wala hazijui kuchagua sana. Mashina ya nywele nayo huzaana upesi. Vivyo hivyo ngozi ya ndani ya kinywa na tumbo, na uboho wa mifupa ufanyao damu. Ndiyo sababu nywele huanguka, kinywa huota vidonda, chakula hukinaisha, na nguvu huisha. Mgonjwa apitapo jioni katika vichochoro vya Mji Mkongwe, harufu ya samaki wa kukaanga, iliyokuwa ikimtia njaa, sasa yamtapisha.

Liko ua dogo, jeupe au la rangi ya waridi, lipandwalo mbele ya nyumba nyingi za pwani yetu. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Katika mmea huo hupatikana dawa iitwayo vinkristini, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960. Nayo, pamoja na dawa nyingine, imesaidia kuponya watoto wengi wenye saratani ya damu. Dawa hiyo hiyo hutia ganzi vidole vya mikono na miguu, hata mtu akashindwa kufunga kifungo cha nguo. Wala mtu asichume majani yake akayachemsha nyumbani, maana yana sumu. Matabibu hupima dawa hiyo kwa kiasi kidogo mno. Basi ikiwa dawa yenyewe ina pande mbili, kwa nini twataka ulimi wa mgonjwa uwe na upande mmoja tu?

Labda mtu atasema, Malalamiko huvunja moyo. Mgonjwa akizoea kunung'unika atakata tamaa na kuiacha dawa. Neno hili hatulidharau, maana yako manung'uniko yasiyotaka msaada wa mtu. Lakini tufikiri. Asemaye kwamba alitapika usiku kucha, tabibu aweza kumpa dawa ya kuzuia kutapika, au kubadili kipimo. Anyamazaye hapewi kitu. Huvumilia mara ya kwanza na ya pili, na mara ya tatu harudi. Kisha sisi twasema amepungukiwa na imani.

Na liko jambo kubwa zaidi. Siku kadhaa baada ya kutiwa dawa, chembe nyeupe za damu, zilizo kama askari wa mwili, hupungua sana. Homa ambayo sisi huingojea ipite, kwake yeye yaweza kuleta mauti upesi; yampasa kwenda hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Aliyefundishwa kwamba kusema ni utovu wa shukrani ataificha homa hiyo mpaka asubuhi. Wazee walisema, Mficha maradhi, kilio humfichua.

Tumkumbuke yule kipofu wa Bethsaida katika Injili ya Marko. Baada ya kuwekewa mikono aliulizwa kama aona kitu. Naye hakujibu kwa kutaka kupendeza kwamba yu mzima. Alieleza kwamba kuona kwake hakujatimia, na watu bado amewafananisha na miti. Hakukemewa kwa jibu hilo, bali aliwekewa mikono tena. Yafaa kuangalia pia kwamba aliulizwa.

Basi ninyi walimu na wazee mzuruo wagonjwa, msiingie nyumbani mkisema, Umekwisha pona. Ulizeni, Tangu dawa ya juzi umeonaje? kisha ngojeni jibu, hata likiwa refu. Hapa Unguja Wakristo ni wachache, na jirani aletaye uji mara nyingi ni Mwislamu. Naye hapimi kwanza kama mgonjwa ameshukuru vya kutosha. Usharika waweza kutafuta nauli ya meli, na mtu wa kufuatana na mgonjwa, na wa kuwalea watoto wake hata arudi. Nawe uliye katika matibabu, mwambie tabibu yote uyaonayo mwilini, wala usione haya. Ukishukuru leo, tutashukuru pamoja nawe. Na kesho ukituambia umeichoka dawa, tutakaa tukusikilize, wala hatutakuona kuwa mtu mwingine.