Sikukuu za Biblia Usukumani

Mambo ya Walawi 23 hutaja Sabato, Pasaka, Sikukuu ya Majuma, Siku ya Upatanisho na Vibanda. Wakristo wengi wa Shinyanga na Geita huziona kuwa kivuli cha Kristo, kwa kufuata Wakolosai 2:16–17, na huabudu Jumapili, siku ya ufufuo. Waadventista Wasabato hushika siku ya saba, Jumamosi, ambayo Kiswahili, ajabu kidogo, huihesabu siku ya kwanza. Pentekoste, yaani Sikukuu ya Majuma, ndiyo iliyo karibu zaidi na mkulima: chimbuko lake ni shukrani ya mavuno ya ngano, nayo huangukia Mei au Juni, mtama na mpunga ukivunwa. Katika migodi ya Shinyanga na Geita, ambako zamu huendelea usiku na mchana, Sabato ndiyo yenye uzito: Kumbukumbu la Torati 5 huifungamanisha na kutoka utumwani, na huagiza mtumwa naye apumzike.