Mlango Mpana wa Moyo

Wenye presha miongoni mwenu mnaijua amlodipini. Kidonge hicho huziba baadhi ya milango ya kalsiamu kwenye seli za mishipa ya damu, misuli yake ikalegea, damu ikapita kwa nafasi. Moyo nao una milango ya namna hiyo, na haupigi bila kalsiamu kuingia.

Sasa tazameni. Ioni za kalsiamu na za sodiamu zinakaribia kulingana kwa ukubwa, na nje ya seli sodiamu huizidi kalsiamu mara 100 hivi. Hata hivyo kalsiamu ndiyo inayopita, ioni kama milioni 1 kwa sekunde, na sodiamu inabaki nje. Ungedhani tundu ni jembamba. Sivyo: mwaka 1985 Edwin McCleskey na Wolfhard Almers walionyesha kuwa hata molekuli kubwa kuliko ioni zote mbili zinaweza kupenya humo.

Kinacholinda ni kile kilichokwisha kukaa mlangoni. Kwenye shingo ya tundu zipo glutamati nne zenye chaji hasi. Kalsiamu, yenye chaji chanya mbili, hunaswa hapo barabara. Sodiamu ina moja tu, haina ubavu wa kuing'oa. Kalsiamu iliyokaa husogea ndani pale nyingine inapofika nyuma yake na kuisukuma. Watafiti walipoiondoa kalsiamu nje ya seli, sodiamu ilimiminika ndani kupitia mlango uleule, na hakuna kilichovunjwa.

Bwana wetu, katika Luka 11:24-26, anasimulia nyumba iliyofagiwa na kupambwa. Pepo aliyemtoka mtu alirudi na wenzake saba waovu kuliko yeye. Nyumba haikuwa chafu. Ilikosa mwenye kukaa ndani.

Kwaresima hii nimesikia mengi yaliyoachwa: pombe, nyama, simu usiku. Vyema. Lakini mafungo yetu mengi, nasema wazi, ni ufagio mtupu. Aliyeacha kilabu, saa moja jioni anakaa wapi, na nani? Nimewaomba viongozi wa jumuiya wahamishie sala za Jumamosi alfajiri kwenye saa hiyohiyo ya jioni, siku za kazi, nyumbani kwa hao walioacha. Chai tutachangiana. Wazee wa kanisa wataanza Jumanne, na mimi nitakuwepo.