Sukari Ndani ya Bomba

Mafundi wa kuchomelea wana msemo unaofaa kutuchekesha sisi watu wa Kakamega: kiungo "kimeweka sukari". Si sukari ya Mumias. Ukichomelea bomba la chuma kisichoshika kutu bila kujaza gesi ya argoni ndani yake, hewa inaunguza upande wa ndani wa kiungo. Unakuwa mweusi na wa chembechembe, kama sukari guru iliyoharibika. Nje kiungo kinang'aa. Ndani, kutu imepata mlango, na kama ni bomba la maziwa, bakteria wamepata nyumba.

Ndiyo maana kiwanda makini hakiamini macho. Kinaandika utaratibu: aina ya chuma, unene, waya, gesi, kiasi cha umeme. Kisha bomba la majaribio linachomelewa hivyo hivyo na kukatwa vipande. Vingine vinavutwa hadi vikatike, vingine vinakunjwa. Kwa kanuni za ASME za Marekani, ufa ukizidi milimita 3 kwenye mkunjo, umeanguka. Ukibadilisha jambo la msingi, unaanza upya.

Sasa, si dharau kumwambia fundi wa jua kali aliyechomelea mageti miaka ishirini athibitishe mkono wake? Wengi wanaona hivyo, na siwalaumu. Nchi hii hupenda karatasi kuliko kazi. (Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nipunguzieni maksi mkitaka.) Lakini jaribio hili haliulizi ulisomea wapi. Linakunja chuma, basi. Mtoto wa bosi na msee wa mtaani wanakunjiwa sawa. Halafu kuna mtoto anayekunywa yale maziwa, ambaye hatawahi kuchungulia ndani ya bomba. Huyo ndiye anayedai uthibitisho.

Kinachonisumbua ni hiki: matokeo ni ya nani? Kwa kanuni hizo hizo, utaratibu uliopita majaribio ni mali ya kampuni. Fundi akiondoka, unabaki. Na kibali chake mwenyewe kinaisha akikaa miezi sita bila kuchomelea kwa njia ile. Fikiria kibarua: kazi ya kiwanda imeisha, amerudi kwa mageti yake, na geti linachomelewa kwa rodi za kawaida, si kwa argoni. Miezi sita hiyo imekwisha. Mkono ni ule ule, ila kipande alichochomelea, kikakunjwa na kikakataa kupasuka, rekodi yake iko kabatini kwa watu wengine.

Cheti cha NITA angalau fundi anakibeba mwenyewe. Hakichukui nafasi ya jaribio la kiwanda, lakini ni chake. Sioni kwa nini kampuni isimpe pia nakala ya matokeo ya mkunjo wake. Mwajiri mpya atampima tena, sawa. Atajua tu anampima nani.