Je, Yafaa Mgonjwa Kutiwa Damu Nyumbani?

Mama mkubwa wangu alikuwa na ugonjwa wa upungufu wa damu, kwa kuwa uboho wa mifupa yake ulishindwa kuumba damu ya kumtosha. Kila baada ya majuma matatu tulimpeleka kwa matatu katika hospitali ya mbali, kwa njia yenye mashimo mengi, akaongezewa damu. Nguvu alizotiwa mchana zilikuwa kama zimemwagika njiani afikapo nyumbani jioni. Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, damu ile imetoka mwilini mwa mtu ikasafiri mpaka hospitali. Mbona haiwezi kuongeza safari kidogo ikanifikia kitandani kwangu?"

Msomaji, usidhani swali hilo ni la kitoto. Katika nchi kadhaa, Uingereza ikiwa mojawapo, wako wagonjwa wanaotiwa damu nyumbani, muuguzi akiwa kando yao. Na nani asiyeona heshima iliyomo? Hospitali mgonjwa ni mgeni. Nyumbani kwake ndiye mwenyeji, na anayemtibu hubisha hodi.

Lakini damu si uji wa kupelekewa mtu katika chupa ya chai. Mwaka 1818 James Blundell, daktari wa London, alimtia mgonjwa damu ya watu wengine. Wengi waliotiwa damu katika karne ile walikufa, wala hapana aliyejua sababu, mpaka Karl Landsteiner wa Vienna alipoeleza mwaka 1901 kwamba damu za watu zina makundi mbalimbali. Hata leo, kosa dogo la kubadilisha mfuko laweza kuua. Damu huwekwa katika ubaridi wa digrii 2 hadi 6, na ikishatolewa humo, sharti iishe kuingia mshipani kabla ya muda wa saa 4 kupita. Mwili ukiikataa, mgonjwa hutetemeka, hupata homa, huumwa mgongo, hukosa pumzi. Na mara nyingi ishara za hatari kubwa huonekana mapema, ndiyo maana muuguzi humpima tena baada ya dakika 15. Wodini muuguzi akiita, daktari huja mbio. Nyumbani akiita, watakuja majirani, wenye huruma tele na wasio na dawa.

Tena kuna haki ya wengine. Muuguzi akikaa nusu ya siku na mama mkubwa, nani atawatazama wagonjwa aliowaacha wodini? Na yule aliyetoa damu je? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu ya kujitolea katika Kenya imetoka kwa wanafunzi wa shule za sekondari. Yamkini ile ya mama mkubwa ilitoka kwa kijana wa rika lako, aliyeitoa bila malipo. Damu hiyo ni amana. Kuiharibu njiani ni kumdhulumu asiyejulikana.

Kwa hiyo mimi nasema yafaa, mahali ambapo muuguzi aweza kukaa mpaka tone la mwisho na gari linangoja mlangoni. Pasipo hayo, huruma yetu yaweza kumuua tumpendaye. Kijijini kwetu hapakuwa na muuguzi wala gari.

Nilipomweleza mama mkubwa hayo, alinyamaza kitambo. Kisha akaniagiza nimwombe dereva wa matatu aende polepole.