Pweza Asiye na Wino

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Shangazi alisema neno moja tu, na limenishika hadi leo: "Huyu amezama." Mama hakusema kitu. Alikuwa bado analipa mkopo wa chama aliochukua kwa ajili ya karo yangu.

Tangu siku hiyo najiuliza: kwani kwenda chini lazima kuwe kushindwa?

Jibu la kwanza nilidhani nimelipata kwa pweza. Mwaka 2008 wanasayansi waliolinganisha jeni walieleza kwamba pweza wengi wa kilindini wametokana na ukoo mmoja wa bahari inayozunguka Antaktika. Zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita bara hilo lilipoa, barafu ikatanda. Maji ya bahari yakiganda, chumvi nyingi hubaki nje ya barafu. Maji yanayobaki huwa mazito, huzama, kisha hutambaa sakafuni kuelekea kaskazini. Pweza wakaifuata njia hiyo. Huko gizani wakapoteza mfuko wa wino. Wino wa nini mahali ambapo adui hakuoni?

Nilifurahi, nikataka kumtumia shangazi hiyo stori. Kisha nikasita. Pweza hana mkopo wa mtu mgongoni. Halafu ilimchukua vizazi na vizazi. Mimi niliamua usiku mmoja. Bahari haiwezi kunisamehe deni la mama.

Lakini kuna jambo jingine. Katika bahari ya joto kama yetu, juu maji ni vuguvugu, chini ni baridi kali. Mnyama wa juu akishuka, anagonga ukuta. Kule Antaktika baridi ni karibu ileile toka juu hadi chini, ndiyo maana kuna wanyama walioshuka kilindini, na wengine wa kilindini wakapanda hadi maji ya kina kifupi.

Basi kabla ya kuuliza nani yuko juu na nani amezama, tuulize kwanza kati yao kulikuwa na ukuta gani. Wangu ulikuwa karo na, kusema ukweli, uvivu kidogo. Wa karo sikuujenga mimi. Wa uvivu ni wangu, na siwezi kumsingizia mtu.

Shangazi akisema nimezama, simbishii tena. Kila makala ikilipwa namtumia mama kitu kidogo. Mimi wino bado ninao, na chama hakijamaliza kulipwa.