Safari ya Tsavo: Upuuzi au Mazingatio?

Limezuka swali katika darsa yetu, nalo lafaa lijibiwe hapa ili faida yake iwafikie wengi. Vijana kadhaa walichanga fedha, wakakodi gari, wakashinda Tsavo tangu asubuhi mpaka jioni, nia yao kuangalia wanyama. Mzee mmoja akawakanya: "Wanangu, fedha hizo mngewapa mayatima. Muislamu ana haja gani na kumtazama ndovu?" Vijana wakajibu kwamba hapana pahala Sharia ilipoharamisha matembezi.

Kila upande umeshika nusu ya kweli. Asili ya matembezi ni halali, na mwenye kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu amejitwisha mzigo mzito. Walakini kuwa jambo ni halali hakumalizi maneno. Jambo la halali laweza kuwa ibada kwa mtu, na likawa hasara kwa mwenzake aliyekaa naye kiti kimoja. Na swali la yule mzee ni zito kuliko alivyodhani mwenyewe: tuna haja gani na ndovu?

Tuanze na njia. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kiasi cha kilomita 150, na mwenye safari hiyo amepewa ruhusa ya kupunguza Sala na kuzikusanya. Ruhusa hiyo si ya kuipoteza Sala. Ndani ya mbuga watu hawaruhusiwi kuteremka garini ila mahali palipowekwa. Basi yawapasa wasafiri wapange mapema watasali wapi Adhuhuri na Alasiri, wasije wakasema jioni langoni kwamba simba waliwazuia. Na wakisimama Mackinnon Road, wasali msikitini, kwani msikiti ni wa Mwenyezi Mungu. Lakini kaburi la Sayyid Baghali Shah lililo hapo lisiombwe usalama wa njia. Maiti huombewa, haombwi. Na dereva waliyemkodi ni mwenzao wa safari: ale wanapokula, apumzike, naye apate wasaa wa kusali. Ni aibu watu kustaajabia viumbe vya Mwenyezi Mungu dirishani, ilhali mbele yao ameketi mja Wake ana njaa.

Haya, sasa tulirudie swali la mzee. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na pande zake mbili, mashariki na magharibi, zapita kilomita za mraba 20,000. Humo wamo ndovu waliogeuka wekundu kwa vumbi la udongo wa huko. Hatuwachinji, hatuwakami wala hatuwapandi. Kwa mizani ya soko, mnyama wa namna hii hana thamani ila pembe zake. Na sisi watu wa mwambao tusijifanye wageni wa mizani hiyo: kwa karne nyingi pembe zilishuka pwani zikapakiwa majahazini, na wako waliojenga nyumba kwa faida yake. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku biashara ya pembe, na mwaka huo huo serikali ya Kenya ikachoma moto tani 12. Hata hivyo, katika karne hii tuliyo nayo, shehena za pembe zimekamatwa katika bandari ya Mombasa.

Qurani imetufundisha mizani nyingine. Imetueleza kwamba wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Umma ni neno zito. Hauhesabiwi kwa faida anayoipata jirani yake. Na Mtume (S.A.W.) ametupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa kwa njaa, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mbwa yule hakuwa wake, wala hakumlindia nyumba.

Juu ya msingi huo mafakihi wetu wa Kishafii wakajenga hukumu. Mtu akiwa na maji ya kutosha udhu tu, na hapo pana mnyama mwenye kuheshimiwa kisharia anayeogopewa kufa kwa kiu, basi mtu huyo atatayamamu, na maji atamwachia mnyama, hata kama si mnyama wake. Zingatia, ewe ndugu: udhu, ambao ni ufunguo wa Sala, umepisha kiu ya mnyama.

Hukumu hiyo yatugusa watu wa Mombasa kuliko tunavyodhani. Katika Tsavo ya magharibi ziko chemchemi za Mzima. Mvua hunyesha juu ya milima ya Chyulu, maji yakazama katika majiwe ya volkano, yakapita chini kwa chini na kutokea Mzima, safi, mahali wanapokaa viboko. Tangu miaka ya 1950 bomba huchukua sehemu ya maji hayo, zaidi ya kilomita 200, mpaka mjini kwetu. Basi aulizaye ana haja gani na ndovu, na alitazame birika lake la udhu. Milima ile ikiharibiwa, wao na sisi tutaona kiu pamoja. Na kiu hiyo yaua: baina ya Februari na Oktoba 2022, kwa hesabu ya serikali, ukame uliua ndovu 205 katika Kenya.

Huenda mkulima wa Sagalla, karibu na Voi, akatuambia: "Nyinyi mwawaona mchana kwenye kioo cha gari, mimi nawaona usiku katika mahindi yangu." Neno lake ni la haki. Haki ya mnyama haifuti haki ya binadamu, na kuondoa madhara ni kanuni ya Sharia. Lakini madhara yaondolewe kwa njia iliyo nyepesi kabla ya iliyo nzito. Huko huko Sagalla wako wakulima waliozungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, nyuki humtoka na kumfukuza, na mwenye shamba akapata asali. Kumbe akili ikitumika, umma mbili zaweza kukaa jirani.

Basi jawabu letu ni hili. Mwenye deni lililofika wakati wake, au ambaye watu wa nyumbani mwake hawana chakula, safari hiyo si yake. Mwenye uwezo na aende, na sehemu ya yatima aitoe kabla hajatoka. Akirudi, aulizwe ameona nini. Ikiwa hana jawabu ila idadi ya simba na picha katika simu, mzee wetu amemshinda. Na ikiwa kesho yake amekaa kutawadha, akaufunga mfereji mapema kwa kukumbuka kwamba maji yale yana wanywaji wengine, huyo safari yake imeingia katika mizani ya mema.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuzingatia, na atunyeshee mvua ya rehema sisi na viumbe Vyake vyote. Amin.